Samatta alipikwa Lubumbashi

Mhariri,

Akitajwa Mbwana Samatta, vijiweni tunakumbuka Aston Villa tu: kile kichwa cha kuruka alichowafunga Manchester City pale Wembley, fainali ya Kombe la Ligi, Machi 2020. Bao tamu kweli, nililishangilia. Lakini mshambuliaji yule alipikwa Lubumbashi, kule Kongo (DRC). Alitoka Simba mwaka 2011 akajiunga na TP Mazembe, klabu ya mji huo, akakaa huko zaidi ya miaka 4, na 2015 akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika, akiwafunga USM Alger kwenye fainali. Ndipo Genk wakamchukua Januari 2016, na 2019 wakatwaa ubingwa wa Ubelgiji.

Nalisema hili kwa uchungu. Washambuliaji chipukizi wanarubuniwa na mawakala wa mfukoni kwa ahadi za majaribio Ulaya, huku ofa ya klabu ya Kongo ikidharauliwa. Wazazi, waulizeni mawakala hao: mkataba uko wapi, na kijana atacheza au atasugua benchi? Nao viongozi wa klabu zetu, ofa kama ile ya Mazembe ikija, wasimbanie kijana.

Msomaji wako,
Dar es Salaam