Fundi hulipwa kwa kubadilisha, halipwi kwa kutafuta

Mhariri,

Kila mwenye gari hapa Mombasa ana kisa chake cha fundi mwizi. Alipeleka gari kwa mlio mdogo wa mguu wa mbele, akarudi na shock absorber mpya mbili, bushi mpya, mfuko mtupu, na mlio uko pale pale. Mimi ni fundi, huu ni mwaka wa 19 nashika spana, na sikuandika kuwatetea wezi. Wapo. Ila naomba watu watazame pia tunavyolipwa.

Gereji nilizopitia, kuanzia Changamwe na Magongo hadi Kongowea, fundi hana mshahara. Hula asilimia. Katika pesa ya ufundi anayotoa mteja, mwenye gereji huchukua sita kwa kumi, fundi nne. Siku isipokuja gari, nauli ya matatu ni juu yako. Spana boi, yule msaidizi wa fundi, ndiye kabisa: jioni hupewa cha mkononi kulingana na bosi alivyoamka.

Mwaka jana ililetwa Probox. Asubuhi inawaka vizuri, ikishapata moto na kuzimwa, haiwaki tena. Mwenyewe alikuwa ameambiwa kwingine anunue stata, ile mota ya kuwashia injini. Nilikaa nayo saa tatu. Betri nzima, stata nzima. Mwisho nikaushika waya wa arthi, ule unaotoka betri kwenda kwenye bodi. Kwa nje plastiki haina hata mkwaruzo. Nikaukunja, ukakatika mkononi, ndani ni unga wa kijani. Chumvi ya bahari hiyo, na wenye magari ya pwani wanaijua. Waya mpya shilingi 350. Mteja aliniona nikifunga nati mbili tu, akatoa 500 za ufundi, na tena kwa kununa. Fungu langu likawa 200.

Muda huo mwenzangu upande wa pili alikuwa amebadilisha diski na pedi za breki za mbele, kazi ya saa moja, ufundi 1,500. Akapata 600. Nami, Mhariri, nilijua vizuri kwamba ningeibadilisha ile stata kwanza, kisha nikatia waya kimyakimya, ningepata zaidi ya hizo 200, na mteja angeondoka akinishukuru maana ameona kitu kipya kinang'aa.

Si sisi peke yetu. Mwaka 1992 huko California, Marekani, idara ya kulinda wateja ilizishtaki gereji za kampuni kubwa ya Sears kwa kuwauzia watu matengenezo yasiyohitajika. Lawama ziliangukia kamisheni na viwango vya mauzo walivyowekewa wafanyakazi, na kampuni yenyewe ikaiondoa kamisheni ya wale waliokuwa wakiwapokea wateja. Hadi leo mafundi wengi huko hulipwa kwa saa za kitabu: kitabu kikisema kazi ni saa mbili, unalipwa mbili hata ukimaliza kwa tano. Nati iliyoshikwa na kutu hailipiwi na mtu.

Halafu hapa kwetu kuna makato. Gia boksi ikirudi na kasoro, fundi hukatwa wiki hadi wiki mpaka hasara iishe, hata kama spea ilikuwa mbovu tangu dukani na aliyeinunua ni bosi mwenyewe. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinaruhusu kumkata mfanyakazi kwa hasara aliyoisababisha makusudi, tena kwa kiasi cha haki. Makusudi. Na kibarua aliyefanya kazi mwezi mzima mfululizo, sheria hiyo hiyo haimwoni tena kuwa kibarua.

Wenye gereji hunijibu kwamba fundi wa mshahara hulala chini ya gari. Wengine hulala kweli, nimewaamsha. Ndiyo maana sisemi asilimia iondolewe yote. Fundi awe na mshahara wa msingi kulingana na gredi yake ya mtihani wa ufundi wa serikali, na bosi amsaidie kuufanya huko NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, maana wengi wetu tulisomea chini ya gari na hatuna karatasi. Juu ya mshahara apate nyongeza kwa kila gari lililomaliza siku 30 bila kurudi kwa tatizo lile lile. Na kutafuta ugonjwa kuwe na bei yake kwenye risiti, mbali na spea, mbali na kufunga.

Hapo kwenye bei ya kutafuta wateja nao wana lao la kujibu. Nje ya gereji kuna Noah imelala tangu Jumamosi, taa ya injini inawaka na kuzima. Nimemwambia mwenyewe kwamba kutafuta tu ni shilingi 1,000, nipate nisipate cha kubadilisha. Alisema atanipigia. Leo ni Alhamisi.

Fundi wa magari,
Changamwe, Mombasa