Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Farasi Mzoefu Kwanza

Wanachama wenzangu,

Hesabu za fedha mtasomewa na mweka hazina, kwa hiyo sitazigusa. Nafasi yangu nitaitumia kwa jambo moja lililojitokeza katika shindano letu la ridhaa la kupanda farasi kule Njoro, kwa kuwa ndilo lililozaa mapendekezo mawili mtakayopigia kura leo.

Kila mpanda farasi alipitia awamu tatu kwa siku moja, juu ya farasi yule yule: dresaji asubuhi, yaani kumwongoza farasi kwa hatua na miendo iliyopangwa mbele ya majaji, kuruka viunzi uwanjani, kisha mbio za nyika. Majirani waliokuja kutazama walitarajia kuona farasi wakitimua vumbi bega kwa bega, wakashangaa wanatoka mmoja mmoja. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwenyekiti, huyu anashindana na nani?" Nikamweleza kwamba kila kosa huongeza pointi za adhabu, na mwenye pointi chache ndiye mshindi. Akaguna, akaenda kutafuta chai.

Sasa tazameni karatasi mbili za majaji. Mwanachama wetu mmoja alileta farasi kijana, aliyenunuliwa si muda mrefu, mwenye hatua za kupendeza kweli. Dresaji ikampa asilimia 72. Asilimia hiyo hutolewa kwenye 100, basi akaanza na adhabu 28. Uwanjani hakuangusha hata nguzo. Nyikani alipofika kwenye dimbwi, farasi akagoma: 20. Akamrudisha, akagoma tena pale pale: 40 zaidi. Mara ya tatu akaingia, wakamaliza na 88. Angegoma tena hapo, wangetolewa.

Mwenzake alipanda jike wake mwekundu, yule ambaye nusu ya chama hiki kilijifunzia mgongoni mwake. Dresaji asilimia 62 tu, adhabu 38. Jaji aliandika kwamba mwendo wake wa matiti, yaani wa kukimbia polepole, umekakamaa, na alisema kweli. Uwanjani akaangusha nguzo moja, 4. Nyikani akavuka magogo, mtaro na dimbwi bila kusita, ila alipitisha muda kwa sekunde 15, na kila sekunde ni 0.4, yaani 6. Jumla 48.

Tofauti hii haikutokana na bahati. Macho ya farasi yako kando ya kichwa. Anaona karibu pande zote, lakini mbele kabisa ya paji la uso kuna mahali asipopaona, na anapokaribia sana gogo, gogo lenyewe humpotea. Dimbwi ni baya zaidi, maana hawezi kujua kina chake kwa kulitazama. Hapo hutegemea mguu na mkono wa aliye mgongoni, na kumbukumbu kwamba mtu huyu hajawahi kumpeleka pabaya. Kumbukumbu hiyo haiuzwi pamoja na tandiko. Mwenye yule jike aliijenga kwa kumpitisha polepole kwenye mitaro ya mashamba ya Rongai kila masika, na kando ya barabara ambako bodaboda hupiga honi bila huruma.

Hata hivyo, farasi mzoefu pia huzeeka. Ardhi yetu wakati wa kiangazi hukauka ikawa sakafu, na miguu ndiyo hulipa. Katika shindano lililofuata, daktari wa mifugo alipapasa mguu wa mbele wa jike huyo akausikia una joto. Mwenyewe akamwondoa papo hapo, ingawa ada ilikuwa imelipwa na rafiki zake wamekuja kutoka Kisumu kumshangilia. Siku hiyo hatukupata nishani, na ndiyo siku niliyojivunia zaidi mwaka mzima.

Kuhusu afya, sina mengi ila moja ninalolisisitiza. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na usubi, ambao huuma zaidi machweo na alfajiri. Punda milia hubeba virusi vyake bila kuonyesha dalili, nasi tunaishi jirani nao. Chanjo ifanywe kabla ya mvua, na farasi waingie bandani kabla jua halijazama. Masaisi wetu, yaani watunza farasi, wanalijua hili kuliko baadhi ya wenye farasi, na wao ndio hugundua kwanza farasi anapokataa chakula.

Wakati mwingine nasikia kwamba mchezo huu si wa kwetu. Ulianzia kwenye majaribio ya farasi wa jeshi, ukaingia Olimpiki za Stockholm mwaka 1912 kama mchezo wa maofisa. Wanawake walisubiri hadi Tokyo 1964, ambako Lana du Pont wa Marekani alikuwa wa kwanza, na timu yake ikapata medali ya fedha. Leo wengi wa wapandaji wetu ni wasichana. Basi mchezo ni wa anayeucheza.

Pendekezo la kwanza: mwanachama asiandikishe farasi katika mbio za nyika kabla hawajafanya mazoezi pamoja kwa msimu mzima, dimbwi likiwemo. Vijana wamelalamika kwamba hili litawarudisha nyuma. Nimewasikia. Lakini hakuna anayezuiwa kushiriki dresaji na viunzi vya uwanjani wakati akisubiri, na msimu mmoja ni mfupi kuliko miezi ya kumrudishia farasi imani aliyoipoteza majini.

Pendekezo la pili: fedha zilizotengwa kununua farasi mwingine wa chama zitumike kuchimba dimbwi la mazoezi, na kinachobaki kiongeze mishahara ya masaisi. Kamati imegawanyika kuhusu hili, na mtasikia pande zote mbili. Msimamo wangu mmeshaujua.

Kura zitapigwa kwa kuinua mikono mara baada ya taarifa ya mweka hazina. Wasiomaliza ada ya mwaka wamwone kabla ya hapo, kwani hawataruhusiwa kupiga kura. Na wenye farasi watakaoshiriki shindano lijalo wamwachie katibu nakala ya kadi ya chanjo leo, si asubuhi ya shindano.

Mwenyekiti