Kwa wajukuu zangu mliocheka ukumbini

Wajukuu zangu,

Nimesubiri wiki mbili hasira ipoe. Haijapoa, basi naandika nikiwa nayo. Naandika hadharani kwa sababu mlicheka hadharani, na najua wapo vijana wengi wa rika lenu wenye kicheko hichohicho.

Usiku ule wa arusi ya dada yenu, baba yenu mdogo alisimama kutoa zawadi za upande wetu. Alikuwa ametoka Kasulu, mkoani Kigoma, safari ya kutwa kucha, na dumu la mawese alilipakata njiani lisimwagike. Aliposhika kipaza sauti, Kiswahili chake kikatoka na lafudhi ya Kiha, lugha yetu Waha wa Kigoma. Meza yenu ikaanza. Mmoja akasema, "Mrundi huyo." Mwingine akauliza, kwa sauti ya kusikika, kama ana kitambulisho. Mkaangua kicheko meza nzima. Alisikia. Nilimwona akiikunja karatasi ya hotuba yake mara mbili, mara nne, akaitia mfukoni, akawatakia maharusi heri na kuketi. Nilinyamaza kwa heshima ya bibi arusi.

Yule ni mtoto wa kaka yangu, tumbo moja. Akiwa Mrundi yeye, mimi ni nani? Na nyinyi je?

Mwaka 1969, nikiwa na miaka 11, baba yangu alinipandisha gari moshi Dar es Salaam, daraja la tatu, twende Kigoma nikawaone wazee. Reli ile Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905 wakaifikisha Kigoma 1914, kilomita kama 1,250. Mimi nilikuwa nahesabu stesheni tu. Baba alisinzia tangu Morogoro. Tulipokaribia Kimamba, kabla ya Kilosa, akaamka kama aliyeitwa jina. Nje ulikuwa mkonge mtupu, mistari na mistari, mpaka macho yanachoka. Akanifungulia kiganja. Chini ya kidole gumba palikuwa na kovu jeusi, mwiba wa ncha ya mkonge ulioingia ukakatikia humo. Akaanza kuhesabu kwa kugonga dirisha kwa kidole: moja, mbili, tatu, mpaka 30. "Hilo ndilo fungu moja," akasema. "Majani 30, unafunga, unaanza tena." Nilimwuliza alifunga mafungu mangapi. Hakunijibu mpaka tulipoipita Kilosa.

Baba alikuwa manamba, kibarua wa mkataba kwenye mkonge. Kigoma haikukosa mashamba makubwa kwa bahati mbaya. Wakoloni waliiacha hivyo makusudi, iwe ghala la vibarua, ili kijana wa Kiha mwenye kodi ya kulipa asiwe na njia ila kushuka pwani na kwenye mkonge. Kuanzia mwaka 1944 kulikuwa na chombo kizima cha kuwakusanya, SILABU, kilichowachukua Kigoma na kwingineko na kuwapeleka mashambani Tanga na Morogoro. Walipewa kipande, yaani kadi ya kazi, chenye siku 30, na mshahara haukutoka mpaka siku zote zitimie. Siku ya kuugua haikuhesabiwa. Nao mkonge ndio ulioongoza kuiingizia Tanganyika fedha za kigeni mpaka tunapata uhuru. Sasa niambieni: mtu ambaye babu yake aliachia damu katika zao hilo, mnamdai kitambulisho kwenye arusi ya ndugu yake?

Na huo mpaka wa Kigoma na Burundi mnaousimamia kwa kicheko, mnaujua umri wake? Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Kigoma, Urundi na Ruanda zote zilikuwa ndani ya koloni moja la Mjerumani. Wabelgiji waliiteka Kigoma mwaka 1916 wakakaa nayo mpaka 1921. Mwaka 1919 wazungu wawili, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji, walikubaliana nani achukue nini. Kiha na Kirundi vinasikilizana kwa sababu watu walikuwa majirani kabla ya mkataba huo, wakioana na kuuziana chumvi ya Uvinza.

Halafu, hata angekuwa Mrundi kweli? Waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 walilima kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo wakajilisha. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walitangazwa rasmi kuwa raia wa nchi hii. Neno Mrundi si tusi. Mmelifanya tusi nyinyi.

Siwalaumu peke yenu, wanangu. Mmelisikia kwetu sisi watu wazima. Nchi hii imezoea kuuchomoa uraia kama fimbo. Mwaka 2001 Jenerali Ulimwengu, mwanahabari aliyekuwa mbunge, aliambiwa si raia, na watu wengi walicheka kama nyinyi. Mimi mwenyewe, nikiwa na mvi, karani wa ofisi moja aliniuliza kaburi la babu yangu liko wapi. Aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alitaja mkoa wake tu, akagongewa muhuri. Nilitoka pale nikaketi kwenye ngazi kwa muda mrefu, sikuwaambia nyumbani.

Mengine nayasema kwa kifupi. Mkitaka kujua kabila la mtu, mwulizeni kwa adabu. Jifunzeni Kiha kwa bibi yenu angali hai. Fikeni Ujiji, muione miembe ya njia ya misafara. Msipande ndege kwenda Kigoma mara ya kwanza.

Desemba, Mungu akitupa uzima, nitawalipia nauli wote mliokaa meza ile. Treni ya umeme tutaiacha; tunapanda ya zamani. Nataka tupite Kimamba mchana, niwahesabie dirishani kama nilivyohesabiwa. Baba yenu mdogo atatupokea stesheni ya Kigoma. Amekwisha kubali, na ameniuliza mnapenda migebuka ya kukaanga au ya kuchoma.

Kabla ya Ijumaa mkubwa wenu ampigie simu, wengine wote mkiwa pembeni. Aanze na salamu ya Kiha, "mwakeye, baba", kisha aombe radhi kwa jina la kila mmoja. Namba yake ninayo mimi. Njoo uichukue nyumbani kwangu, usitume mtu.

Babu yenu