Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: dozi imfikie na aliye mahabusu

Mheshimiwa Waziri,

Tunakusalimu kwa heshima. Sisi ni wahudumu wa methadoni, dawa ya kunywa wanayopewa waraibu wa heroini ili waiache, na jambo hili tumeliandika kwenye ripoti mpaka tumechoka. Jumatatu asubuhi vijana wamekamatwa tena, hatua chache kutoka lango la kituo, kadi za dawa zikiwa mfukoni. Walikuwa wanakuja kunywa dozi.

Methadoni haitaki kukatizwa. Mteja huanza na miligramu 15 hadi 30, anapandishwa taratibu, wengi wakatulia kati ya 60 na 120. Anakunywa mbele ya mhudumu, anashushia maji, anaongea kidogo ili ijulikane amemeza. Kikombe hicho kinamshika saa 24 hadi 36 hivi. Akilala selo, siku ya pili arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa, inaanza: kamasi, kuhara, mifupa kuuma, usingizi hakuna. Mwenye TB huumia mapema zaidi, maana rifampisini huimaliza methadoni mwilini haraka. Akikosa siku 3 mfululizo, tunalazimika kuikata dozi nusu. Akikosa 5, anaanza upya. Hapo ndipo tunapowazika. Anatoka mahabusu mwili umeshapoteza uzoefu wa dawa, nusu dozi haimtoshi, anapita maskani kuongezea kete ileile ya heroini aliyokuwa akiimudu zamani. Pumzi inakatika usingizini.

Sheria hazijakosekana, Mheshimiwa. Bangi ilipigwa marufuku tangu enzi za Mwingereza. Ikaja sheria ya dawa za kulevya ya 1995, na bado heroini nyeupe ikaingia Dar es Salaam miaka michache baadaye. Ya kahawia ilivutwa; hii nyeupe inayeyuka kwa maji matupu, basi sindano zikapokezanwa, na VVU navyo. Ikaja sheria ya 2015 iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Kamatakamata ilikuwepo miaka yote hiyo. Kilichowarudisha watu kwa mama zao ni kikombe cha methadoni kilichoanza Muhimbili Februari 2011, kikafika Mwananyamala na Temeke.

Kwa nini langoni kwetu? Tunahisi ni kwa sababu mteja anapita njia ileile, saa ileile, kila siku, hata Idi na Krismasi. Ni rahisi kumngoja.

Tunachoomba ni waraka mmoja, wenye saini yako na ya mwenzako wa Mambo ya Ndani. Askari akikuta kadi, apige simu kituoni. Tuthibitishe dozi ya mwisho na tarehe. Muuguzi apeleke chupa iliyofungwa, yenye jina na miligramu, mteja anywe mbele ya askari wa zamu, wote wasaini. Ni dakika 10. Kesi iendelee, ila dozi isikatike. Tuliambiwa kikaoni kwamba waraka unaandaliwa. Dozi isikatike, Mheshimiwa, hilo tu.

Leo ni Alhamisi. Kwenye daftari la dozi, visanduku vinne mbele ya kila jina lao viko wazi.

Wahudumu wa methadoni