Barua kwa wanafunzi wa sayansi ya wanyama, Morogoro: msidharau daftari la ukoo

Wanangu,

Nawasalimu nyote mnaosoma katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hasa mliochagua kuku na urithi wake. Nasikia mnavyozungumzia vinasaba kwa fahari, na ni fahari ya haki. Mpangilio wa vinasaba vya kuku pori mwekundu ulichapishwa mwaka 2004. Chuo chenu hichohicho kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha California, Davis, pamoja na Chuo Kikuu cha Ghana, kutafuta jeni zinazomsaidia kuku wa kienyeji kustahimili mdondo (ugonjwa wa Newcastle) na joto. Kazi hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Ombi langu ni moja tu: mkiwa maabara, msiliache daftari la ukoo likaliwa na mchwa.

Hesabu nyingi za uboreshaji zinaanza na swali la mama nani na baba nani. Usipowajua wazazi, ni vigumu kutenganisha alichorithi kuku na alichokipata kwenye chakula. Na jibu hupatikana bandani, kwa kuchoka. Tetea akiingia kwenye kiota cha mtego, mlango unashuka nyuma yake. Mtoe kwa mikono miwili, soma namba ya kibati kilicho kwenye bawa lake, kisha liandike yai namba hiyo na tarehe, kwa penseli. Mkichelewa kuzunguka, anabaki amefungiwa, na joto la Morogoro mnalijua. Siku ya 18 kwenye mashine ya kutotolea, mayai yanapohamishiwa sehemu ya kuangulia, ya kila mama yakae kwenye mfuko wake wa wavu. Siku ya 21 kifaranga avishwe kibati kwenye ngozi nyembamba ya bawa kabla hajaonana na wenzake. Wakichanganyika dakika moja tu, mmepoteza ukoo, na kuurudisha kwa kupima vinasaba vya kila mmoja ni gharama ambayo miradi mingi haina.

Sasa majogoo. Hapa ndipo makundi mengi ya utafiti yanapoharibika kimyakimya, kwa sababu jogoo anakula na hatagi, kwa hiyo bajeti ikibana ndiye wa kwanza kuuzwa. Zidisheni idadi ya majogoo kwa idadi ya matetea, zidisheni tena kwa 4, kisha gawanyeni kwa jumla yao. Majogoo 2 na matetea 50 wanatoa 7.7. Mna kuku 52 bandani, lakini kwa upande wa urithi mna kundi lisilofika kuku 8, na uzao wa ndugu kwa ndugu unapanda kwa takriban asilimia 6.5 kila kizazi. Wekeni majogoo 10 kwa matetea haohao: kiwango kinashuka hadi asilimia 1.5. Mayai yakianza kutoanguliwa na vifaranga kufa mapema, wengi hulaumu mashine. Hesabuni majogoo kwanza.

Na mnachagua nini? Kuchi mrefu wa miguu na Ching'wekwe mfupi, wote kuku wetu wa kienyeji, hawakufika walipo kwa bahati. Wenye kuku walichinja huyu wakamwacha yule, na mdondo na mwewe wakachagua upande wao. Mkichagua mayai mengi peke yake, mtapunguza kuatamia, kwa kuwa tetea anayelalia hatagi. Kwa mwenye mashine hiyo ni faida. Kwa mama wa Singida asiye na mashine, tetea asiyeatamia amemaliza kizazi chake. Kwa hiyo daftari lenu liwe na safu ya kuatamia, na safu ya vifaranga waliofika wiki ya nane, hata kama hakuna aliyewaagiza.

Nakumbusha pia kuhusu chotara. Sasso wa Ufaransa na Kuroiler wa India walijaribiwa Tanzania, Ethiopia na Nigeria katika mradi ulioongozwa na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, na wanakua vizuri kuliko wa kienyeji. Lakini nguvu ya uzao wa kwanza haikai. Mfugaji akizalisha chotara kwa chotara, watoto wanatawanyika kila sura na kila uzito. Mwambieni hivyo kabla hajachinja jogoo wake wa zamani. Na ninyi wenyewe tunzeni makundi halisi kwanza, maana ukishayachanganya huna tena cha kuchanganya.

Mwaka wa mwisho mtaenda vijijini kuchukua mayai na damu. Rudini na majibu. Kila kaya ielezwe kuku wake walionekanaje, kwa Kiswahili, mkiwa mmekaa na mwenye kuku. Wale ambao jogoo mmoja ndiye baba, babu na mjomba wa banda zima, wasaidieni kubadilishana na kijiji cha pili, jogoo akiwa ameshachanjwa mdondo na kutengwa kwanza.

Wasalaam,
Mzee wenu wa kuku