Kwako uliyevua koti jeupe

Mdogo wangu,

Nimesikia umekubali uongozi. Mama ndiye aliyenipigia, kwa sauti ya mtu ambaye majirani wameshapata habari zote. Wewe umenyamaza, na nadhani najua sababu: unaogopa nitasema umeikimbia kemia.

Sisemi hivyo. Nakukumbuka ukiwa umeinama mbele ya bureti, ule mrija wa vipimo unaodondosha kimiminika tone kwa tone, jicho usawa wa mstari, ukiachia tone moja, kisha nusu tone, ukiizungusha chupa mpaka ile rangi hafifu ya waridi igome kuondoka. Ukizidisha, unamwaga na kuanza upya. Hasara yake dakika kumi. Huko uendako tone likizidi huoni rangi. Unatia saini bajeti leo, kosa lake linaibuka baada ya miaka, katika maabara ya mtu usiyemjua aliyekosa mashine.

Halafu watataka uwajibu ndiyo au hapana. Hapo mkumbuke mkemia Mario Molina. Mwaka 1974 yeye na mkemia mwenzake Sherwood Rowland waliandika kwamba gesi za kwenye majokofu na makopo ya kupulizia hupanda hadi anga la juu, jua likazipasua, na klorini inayotoka huko ikaitafuna ozoni, lile tabaka linalotukinga na miale mikali ya jua. Wangeweza kuishia kwenye jarida. Wakaenda kuwaeleza wabunge, viwanda vikiwapinga, na wakati huo hakuna aliyekuwa ameona tundu lolote katika tabaka hilo. Walisema wanachokijua, wakaonyesha pia kinapoishia. Mkataba wa Montreal wa kuzidhibiti gesi hizo ulikuja 1987, Tuzo yao ya Nobel 1995. Hesabu mwenyewe hiyo miaka.

Wanaoniudhi ni wale wanaokuambia utaendelea na utafiti wako jioni jioni. Thubutu! Glenn Seaborg, mmoja wa waliogundua plutoniamu, aliiongoza Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani tangu 1961 hadi 1971, ndipo akarudi kufundisha Berkeley. Miaka kumi. Watafutie wanafunzi wako msimamizi mwingine sasa, kabla hujakalia kile kiti, wasije wakakuvizia mlangoni na rasimu mkononi. Mimi niliwahi kumvizia mtu hivyo miezi saba, na alikuwa mtu mwema tu, ila kila siku yumo kikaoni.

Madaftari yako ya maabara usimgawie mtu. Na lile koti lenye doa la iodini mfukoni, nitalipitia Jumamosi kabla Mama hajalifua.

Kaka yako