Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wavushaji Wanafunzi, 2024

Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, walimu wakuu wa shule zetu tatu, wawakilishi wa wazazi, wanachama wenzangu. Itifaki imezingatiwa.

Namshukuru Mungu tumekutana, ingawa tumekutana wachache. Mkutano ulitangazwa saa 4:00. Naanza kusoma saa 5:20 na nimehesabu wanachama 19, pamoja na yule aliyesimama nje anaongea na simu. Kwenye daftari tuko 34.

Shughuli za kawaida sitazirefusha, maana wenyewe mlizifanya. Tumevusha asubuhi, tumevusha saa sita mchana mkondo mmoja unapotoka na mwingine unapoingia, tumevusha jioni. Tumeshiriki Wiki ya Nenda kwa Usalama. Tumewafundisha darasa la kwanza na la pili kuangalia kulia, kushoto, halafu kulia tena, na kwamba filimbi ni ya madereva, wao wasubiri mkono. Vibao vya SIMAMA vimepakwa rangi upya. Yule mama wa ubuyu na barafu amekubali kuhamia upande wa shule, na tangu ahame sijaona mtoto anakimbilia barabarani na mia mbili mkononi. Wazo hilo lilikuwa langu. Nalisema kwa sababu muhtasari wa Aprili umeandika "kamati".

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu: uamuzi wa Septemba wa kuondoa wavushaji kwenye Barabara ya Morogoro.

Mwezi wa nane, saa 12:25 asubuhi, mwenzetu mmoja aligongwa. Yupo hapa leo na gongo lake na ameniomba nisimtaje. Alikuwa ameshaisimamisha daladala kwenye njia ya kwanza, akapiga hatua kuingia njia ya pili. Dereva wa daladala alisimama vizuri, hana kosa. Bodaboda iliyokuwa nyuma haikumwona mtu, iliona daladala imesimama, ikadhani inashusha abiria, ikaipita kwa kulia. Watoto walikuwa bado ukingoni kwa sababu mwenzetu alifuata utaratibu: mvushaji anatangulia peke yake, njia zote zinasimama, ndipo watoto wanaitwa. Walikuwa kumi na wanne. Wote waliona.

Wasiowahi kushika kibao hudhani tunaogopa gari linalokuja mbio. Gari linalokuja mbio unaliona. Linalotutesa ni lile lililosimama kwa hisani, kwa sababu linakuziba wewe usionekane na linakuzuia usione kinachotoka nyuma yake. Barabara ilipokuwa nyembamba ulikuwa na gari moja la kuhofia kila upande. Tangu ipanuliwe kuwa njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, ukishasimamisha moja bado una matatu ya kuomba, halafu unaanza tena upande wa pili.

Nilikwenda pale na saa mkononi, siku tatu mfululizo, kwa nauli yangu. Njia moja ni kama mita tatu na nusu. Zidisha kwa nane, ni mita 28 kabla hujahesabu eneo la katikati. Mtoto wa darasa la kwanza mwenye begi anatumia nusu dakika, na hapo kiatu hakijamvuka. Gari la kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria kwenye makazi, linakata mita 14 kila sekunde. La kilomita 80 linakata mita 22. Mabasi ya mikoani yanayotoka stendi ya Mbezi alfajiri mnayajua yanavyopita. Yanapita kwa 50 siku ambayo trafiki ana tochi ya kupima mwendo. Na tangu Oktoba 2023, yaliporuhusiwa kusafiri usiku, hakuna tena saa ambayo unaweza kusema sasa yamekwisha. Ongezeni malori ya mchanga. Ongezeni kwamba Juni na Julai saa 12:00 bado ni giza, na kizibao kinang'aa pale tu taa ya gari inapokiangukia, nayo taa huwa inaiangukia daladala iliyo mbele yako.

Kwa hiyo tukaamua watoto wapelekwe kwa mistari hadi daraja la waenda kwa miguu, na wavushaji wabaki barabara za mtaa, ambako ndiko bajaji na bodaboda zinakochezea.

Najua kilichosemwa. Kimesemwa kwamba mwenyekiti amewatelekeza watoto. Kimesemwa kwamba mwenyekiti ameogopa, yeye ambaye alikuwa anavusha pale kabla nusu ya waliomo kwenye kundi letu la WhatsApp hawajahamia mtaa huu. Ujumbe wote nimeuhifadhi na sitausoma. Kimesemwa pia kwamba uamuzi ulifanywa na watu watatu kwenye simu. Hilo ni kweli: mimi, katibu na mhazini. Lakini kabla ya simu hiyo niliitisha mkutano mara mbili. Wa kwanza mlikuja 9. Wa pili 11, na wawili kati yao walikuja kuulizia makoti ya mvua. Katiba yetu inataka nusu ya wanachama. Nilipaswa kuitisha wa tatu, na kila asubuhi katikati yake nimpange nani asimame pale? Naomba aliyekuwa tayari anyooshe mkono. Nitangoja.

Kimesemwa kwamba daraja liko mbali. Kutoka geti la shule ya kwanza ni hatua 640, nimezihesabu, na kurudi ni hizo hizo. Mtoto achelewe namba.

Nakiri jambo moja, maana nisipolisema mimi mwalimu mkuu atalisema kwenye mengineyo. Si watoto wote wanaokwenda darajani. Wa darasa la sita na la saba wanakatiza pale pale pa zamani, sasa hivi bila mtu. Nimewahesabu asubuhi mbili, dakika ishirini kila siku: 23, kisha 31. Hao nimewafukuza, nimewasihi, nimeongea na wazazi wao. Wanasubiri nigeuke. Kuna mzazi aliniuliza kama si afadhali wangekuwa na mzee mwenye kibao kuliko kutokuwa na mtu kabisa. Nilimjibu kwa ukali kuliko nilivyopaswa, na kama yupo humu anisamehe. Jibu lenyewe mpaka leo sijalipata. Ninachojua ni kwamba mzee mwenye kibao naye ana watoto nyumbani.

Hatari nyingine nazipitia haraka. Moshi na vumbi, wanne wana kikohozi kisichoisha. Magoti. Matusi, hasa kutoka kwa wenye magari madogo. Tukumbushane kwamba sisi si polisi, kibao chetu ni ombi. Asiyesimama unachukua namba zake unampa trafiki. Kioo cha bajaji kilichovunjwa kwa kibao mwezi wa tano kimelipwa na chama, na mhusika bado hajarudisha hata shilingi.

Hiyo inanifikisha kwenye fedha. Ada ni 2,000 kwa mwezi, kwa watu 34 ni 816,000 kwa mwaka. Zimeingia 371,000. Tunadaiana 445,000. Waliolipa mwaka mzima ni tisa, na sita kati yao ni akina mama wanaouza maandazi, siyo waajiriwa. Wazazi walichangia 240,000, jumla ya mapato 611,000. Matumizi: vizibao, vibao na makoti 372,000, matibabu ya mwenzetu 150,000, kioo 15,000, nauli ya mwenyekiti kwenda ofisini mara saba 26,000, karatasi na soda za wageni 11,500. Jumla 574,500, baki 36,500. Kuhusu nauli nimesikia minong'ono. Zile siku tatu za saa mkononi hazimo humo, na tiketi za hizo safari saba ziko kwenye bahasha, anayetaka aje azione.

Matarajio. Barabara za mtaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na ile kuu iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu; barua tumepeleka kote na zimepokelewa. Tunatarajia matuta mawili. Tunatarajia bima kwa wavushaji, Mungu akipenda. Tunatarajia vijana wajiunge, maana mdogo wetu kuliko wote ana miaka 41. Mwakani tutajitahidi zaidi.

Zamu za Januari zimebandikwa ukutani. Asubuhi ya Jumatatu darajani haina jina, nimeandika langu kwa penseli. Mhazini amekaa karibu na mlango na ana kitabu cha risiti.

Naomba kuwasilisha.